Barua Iliyogoma Kutoka

Siku hizi kisa hiki kikisimuliwa, Mzee Nukta hucheka mpaka akashika mbavu. Lakini asubuhi ile simu ilipolia hakuwa na kicheko hata cha kuazima.

Aliyepiga alikuwa muuguzi wa hospitali ya macho, ile iliyoko mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Alikuwa mtu wa heshima na mtu wa haraka, vyote kwa pamoja.

"Shikamoo mzee. Nakupigia kuhusu mama. Barua yenu hatujaipata."

"Marahaba. Hamjaipata vipi, binti yangu? Mimi niliituma Alhamisi. Niliituma kwa mkono wangu mwenyewe."

"Labda mkono ulituma, mzee, lakini huku haikufika. Na orodha ya wagonjwa wa madaktari wageni inafungwa leo saa saba mchana. Nikikosa picha za macho na majibu ya vipimo, nafasi ya mama itabidi nimpe anayefuata. Si roho mbaya, ndio utaratibu."

"Na hao madaktari watarudi lini?"

"Labda mwakani, mzee. Labda."

Nukta akashukuru, akakata simu, akabaki ameishika mbele ya uso kama mtu aliyeshika kikombe akasahau alitaka kunywa nini.

Mkewe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jicho la kushoto lilikwisha kufunga kabisa. La kulia liliona kama mtu anavyojiona kwenye kioo cha bafuni chenye mvuke: kivuli kinapita, rangi inapita, uso wa mtu hauji. Tangu ujana wake alikuwa fundi cherehani, na mpaka majuzi wanawake wa mtaa mzima walikuwa hawaendi shughuli yoyote kabla hajawapima kiuno. Sasa cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na juu ya shuka pamewekwa kopo la maua, na ukiona hivyo ujue kitu hicho nyumba imekwisha kukifuta katika hesabu zake. Daktari wa jirani alishasema wazi: mtoto wa jicho akiachwa akaiva kupita kiasi huleta shinikizo ndani ya jicho, na hapo hata upasuaji hauna la kufanya. Msikae sana, alisema. Na mwakani ni kukaa sana.

"Nani huyo?" mke akauliza kutoka jikoni.

"Hospitali."

"Wanasemaje?"

"Wanasalimia."

Vyombo vikanyamaza jikoni. "Hospitali inapiga simu kusalimia? Baba watoto, kilichoharibika kwangu ni macho. Masikio ni mazima."

Nukta alikwisha fika kwenye meza ya kompyuta.

Hilo jina la Nukta hakupewa na wazazi wake. Alilipata kwenye kiwanda cha uchapaji, alikofanya kazi ya kusahihisha prufu, yaani kusoma kurasa za majaribio kabla mtambo haujaanza kunguruma. Vitabu vya shule, kalenda, kadi za harusi, matangazo ya misiba, vyote vilipita chini ya rula yake, mstari kwa mstari. Wapiga chapa walikuwa wakisema Nukta akipewa ukurasa mweupe ataurudisha una alama mbili. Yeye hakuona kwamba wanamtania. Alijua jambo moja tu: maandishi yakishatoka mlangoni hayarudi, kwa hiyo kabla hayajatoka, yasomwe tena. Yakishasomwa, yasomwe tena.

Alipostaafu, tabia ilimfuata nyumbani. Barua yoyote aliyoandika aliitoa kwanza kwenye karatasi, akachukua penseli na rula, akamsomea mkewe kwa sauti, ndipo akairuhusu iende. Lakini wiki iliyotangulia printa ilikuwa imekata roho, tena ikiwa na karatasi mdomoni. Ndiyo sababu hii barua ya hospitali aliisoma kwenye kioo cha kompyuta, kwa shingo upande, kama mtu anayekula kwa mkono wa kushoto.

Akaifungua programu ya barua pepe. Kweli, barua ilikuwapo pale pale, katika sanduku la zinazotoka, imetulia kama mgeni asiyejua kuaga. Katika sanduku la zilizotumwa hakukuwa na kitu cha wiki ile.

Akabonyeza pale palipoandikwa Tuma na Pokea. Mstari wa kijani ukapita upesi, programu ikasema imemaliza. Ikaingia barua moja ya tangazo la magodoro. Ya hospitali haikusogea.

"Magodoro yanaingia," alinong'ona. "Macho ya mke wangu hayatoki."

"Nini?" mke alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Alikuwa akitembea nyumbani kwa kugusa, na aligusa vizuri kiasi kwamba mgeni asingejua.

Hapo Nukta akaona kuficha hakuna maana. Akamweleza yote, na saa saba akaitaja.

Mke alivuta kiti, akakaa. Hakulia wala hakulaumu. Aliuliza tu, "Umempigia mdogo wangu?"

"Bado nashughulika."

"Nimeuliza kama umempigia."

Huyo mdogo wake alikuwa fundi kompyuta mwenye duka mwisho wa barabara, mtu wa makamo, mnene, na kwa Nukta alikuwa shemeji wa utani usio na breki. Mara ya mwisho alipoitwa, alikuta kioo cha kompyuta kimezimika kwa sababu waya haukuchomekwa. Akauchomeka, akaondoka bila neno. Maneno aliyatunza mpaka harusi ya mpwa wao, akapewa kipaza sauti, na watu wote walioalikwa wakausikia ule waya. Tangu siku hiyo Nukta alikula kiapo kwamba akimwita tena, iwe ni nyumba inaungua.

"Nipe muda kidogo," alisema. "Nitaitengeneza mwenyewe."

Mke hakubishana. Akaitoa simu yake mfukoni, akatafuta kitufe kwa kidole gumba, akaiweka sikioni. "Mdogo wangu? Njoo sasa hivi. Kompyuta ya shemeji yako imegoma, na macho yangu yamo ndani yake."

Shemeji alifika akihema, begi la vifaa begani. Mlangoni akaanza, "Shikamoo shemeji! Leo umechome—" lakini akamwona dada yake alivyokaa, mikono magotini, akalimeza lililobaki. "Haya. Nielezeni."

Walipokwisha kumweleza, alivuta kigoda, akakaa ubavuni kwa Nukta. Kigoda kikalalamika.

"Kwanza tujue ugonjwa uko wapi. Kupokea inapokea?"

"Imepokea magodoro."

"Vizuri, basi njia ya mtandao ipo. Sasa tuone kutuma." Akaivuta kibodi, akaandika barua kwenda kwake mwenyewe, neno moja tu, kwa herufi ndogo: jaribio.

"Hata nukta hukuweka," alisema Nukta.

"Shemeji, hii barua haiendi kuoa."

Akabonyeza Tuma, akabonyeza Tuma na Pokea. Simu yake ikalia mfukoni hapo hapo. Akaitoa, akaionyesha. Barua imefika.

Nukta akaikodolea macho simu ile. Lile neno moja, halina herufi kubwa wala nukta mwishoni, limepita kama upepo. Na yake, yenye salamu, aya zilizopangwa na hitimisho la heshima, imebaki ndani. Kama si mambo ya hospitali, angeweza kuona wivu.

"Kwa hiyo neno la siri ni sahihi, na kule inakopita hakuna tatizo," alisema shemeji, akijikuna kidevu. "Anwani ya hospitali umeikosea?"

"Mimi? Nikosee?"

"Nauliza tu."

"Niliilinganisha herufi kwa herufi na kadi yao."

"Tena ingekuwa mbaya ingetoka halafu ikarudishwa. Hii haitoki kabisa." Akabonyeza Tuma na Pokea tena. Mstari ukapita, programu ikasema imemaliza, barua ikabaki palepale. "Mbona inasema imemaliza na haijafanya kitu? Kama mwanangu na vyombo!"

"Itume kwa simu yako basi," alisema mke.

"Dada, picha hizi nikituma kutoka kwangu, hospitali watazikubali?"

"Hawazikubali," alidakia Nukta. "Walishasema, ni anwani ile tuliyoandikisha tu, wasije wakachanganya wagonjwa."

"Basi tuifungue hiyo anwani yako kwenye simu yangu. Nipe neno la siri."

Nukta akakohoa. "Linakumbukwa na programu."

"Na wewe?"

"Mimi niliiachia programu ikumbuke."

Shemeji alitazama dari, akatafuna kicheko kikubwa sana, akakimeza kizima. Kweli alikuwa anampenda dada yake.

"Sawa. Hebu nikumbushe. Mwaka juzi hukuniambia nikuwekee barua zisiwe zinakurupuka?"

"Nilikwambia."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa watu wengine, ukibonyeza Tuma barua imekwenda, hukuti hata mkia. Nukta hakuutaka uharaka huo. Alitaka apate nafasi ya kujirudi, kama kule kiwandani ambako kurasa zililala mezani kwake kabla ya kupelekwa kwenye mtambo. Kwa hiyo shemeji aliipanga programu ili barua ziingie kwanza katika sanduku la zinazotoka, zikae humo, halafu kila baada ya nusu saa programu izizoe zote na kuzipeleka. Aliyekuwa na haraka angeweza kubonyeza Tuma na Pokea zikaenda papo hapo.

"Lakini hiyo haijawahi kuleta shida," alisema Nukta.

"Haijawahi. Na hata leo, jaribio limepita." Shemeji akafungua barua ya hospitali, akaangalia viambatisho. "Hizi picha ni nzito. Jicho moja limejaa kama ukuta mzima. Labda ndizo zinazokwama mlangoni. Ngoja nizipunguze."

Akazipunguza. Nukta akabonyeza Tuma, na barua ikaingia tena katika sanduku la zinazotoka.

"Kabla hatujazoa, nikaangalie taa za modemu sebuleni. Isije ikawa inazimikazimika," alisema shemeji, akanyanyuka.

Nukta akabaki na barua. Picha zimeguswa. Na kitu kilichoguswa na mtu mwingine, yeye asingekiacha kiende hivi hivi. Akaifungua, akapitia mistari yote kwa midomo bila sauti, akaona iko salama, akaifunga.

"Taa zote zinawaka!" shemeji akarudi. Akabonyeza. Mstari ukapita. Imemaliza. Barua palepale.

"Sasa hiki ni kiburi," alisema shemeji.

Alizima kingavirusi, akisema wakati mwingine mlinzi humzuia hata mwenye nyumba. Haikusaidia. Aliizima kompyuta nzima na kuiwasha upya, na wote watatu wakakaa wakiusikiliza ule mlio wake wa kuamka, kama watu walio nje ya chumba cha mgonjwa. Haikusaidia. Saa ya ukutani ilikuwa imeipita saa sita.

"Mama," alimwambia mkewe polepole, "nisamehe. Ningempigia huyu tangu mwanzo."

"Nimsamehe nani, kwa kosa gani? Mashine imegoma. Wewe umegoma?" Akanyoosha mkono, akaupapasa mpaka akaupata mkono wake mezani. "Hata wasiponipokea, bado nitakuwa nakujua kwa kikohozi."

Maneno hayo alimwambia ili kumtuliza, lakini yalimchoma kuliko lawama. Hakutaka kujulikana kwa kikohozi.

"Tufanye jambo la mwisho," alisema shemeji. "Labda barua yenyewe imeharibika ndani. Hii iache. Andika mpya kabisa, fupi, weka viambatisho, bonyeza Tuma." Simu yake ikalia. Akaitazama. "Huyu mteja nimemwacha mlangoni mwa duka. Nampa neno moja tu." Akatoka uani, na sauti yake ikasikika ikimwapia mtu kwamba yuko njiani.

Nukta aliandika. Aliandika haraka kuliko alivyowahi kuandika maishani, jina la mkewe, namba ya kadi yake, ombi lenyewe, shukrani. Akaweka picha. Akabonyeza Tuma. Barua mpya ikaingia katika sanduku la zinazotoka.

"Nisomee," mke alisema. Hii ilikuwa kawaida yao, naye aliisema bila kufikiri.

Nukta akaifungua, akamsomea. Akaifunga. Na hapo hapo, akiwa bado ameshika kipanya, kitu kikamgusa kwenye pembe ya jicho.

Mtu mwingine asingekiona. Mtu mwingine angeona mstari wenye kichwa cha barua, basi. Lakini huyu alikuwa ametumia umri wake wote akitafuta herufi moja iliyosimama katikati ya zilizolala. Dakika moja iliyopita, kichwa kile cha barua kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za mlazo, zile zinazoinama kidogo upande wa kulia. Sasa zilikuwa zimesimama wima.

"Herufi zimebadilika," alisema.

"Zipi?"

"Nyamaza kwanza, mama. Samahani. Nyamaza kidogo tu."

Akaifungua barua, hakusoma, akabonyeza Tuma. Ikarudi sandukuni. Herufi zimelala. Akaifungua tena, hakugusa neno, akaifunga bila kubonyeza kitu. Herufi zimesimama. Akatazama ile barua ya zamani, ya Alhamisi: imesimama wima kama askari wa lindo.

"Shemeji!" aliita kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia. "Shemeji, achana na mteja!"

Shemeji alikuja mbio, simu ikiwa bado sikioni. Nukta hakueleza, alimwonyesha. Tuma: zimelala. Fungua, funga: zimesimama.

Shemeji alitazama kioo. Akaishusha simu. Akajipiga kofi la paji la uso, kofi la kweli, mpaka dada yake akashtuka.

"Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo hiyo! Barua iliyolala ndiyo iliyo kwenye foleni, inangoja kuzolewa. Ukiifungua ikiwa humo, programu inaona umebadili mawazo, inaitoa kwenye foleni. Ukiifunga tu, hairudi, mpaka ubonyeze Tuma upya. Ni kama abiria amekwisha kaa kwenye basi, ukamwita ashuke umwambie neno, halafu ukaingia zako ndani. Basi linaondoka, yeye amesimama tu kituoni na mzigo wake." Akamgeukia. "Shemeji, kila tulipojaribu, ulikuwa unaisoma?"

Nukta akaitazama kibodi.

"Alikuwa anaisoma," alisema mke. "Hata ulipokwenda kuangalia taa. Nilisikia kile kipanya kinavyolia ngo, ngo."

"Na Alhamisi?"

"Na Alhamisi," alikiri Nukta. "Mara moja tu. Ya mwisho. Printa ingekuwa hai ningeisoma kwenye karatasi."

Shemeji alitaka kusema kitu. Utani wote wa miaka ulikuwa umejipanga nyuma ya meno yake. Akaangalia saa ya ukutani, akasema tu, "Bonyeza Tuma, kisha toa mikono."

Nukta akabonyeza. Herufi zikalala. Akatoa mikono, akaiweka mapajani. Na hapo, kama mbu anayekuja taa ikishazimwa, wazo likamjia.

"Niliandika jicho la kulia au la kushoto?"

"Nini?"

"Lile la kuanza kupasuliwa. Nimeandika kwa haraka. Nikiwa nimeandika kushoto badala ya kulia? Ngoja nichungulie tu, sitagusa—" Mkono ulikwisha kuondoka pajani.

Haukufika. Mkewe alipapasa meza, akakipata kipanya kabla yake, akakichukua na waya wake, akakifumbata kwenye kanga, mapajani mwake, akakifunika kwa mikono yote miwili.

"Wewe baba wewe! Wao ni madaktari wa macho. Wakinifungua kope wataona lipi ni lipi. Mdogo wangu, peleka hiyo barua."

"Nipe basi kipanya, dada."

"Sikitoi. Huna vitufe hapo?"

Shemeji akacheka, kicheko cha kwanza asubuhi nzima, akanyoosha kidole akabonyeza kitufe kwenye kibodi. Mstari wa kijani ukaanza kutembea. Safari hii haukupita mbio. Ulitambaa. Ulifika nusu ukasimama, na wote watatu wakabana pumzi. Ukaendelea. Picha za macho zilikuwa zinapita mlangoni, moja, nyingine. Nukta aliishika meza kwa vidole kama mtu aliye kwenye ngazi inayotikisika.

Barua ikatoweka.

Haikuwa tena katika sanduku la zinazotoka. Shemeji akafungua sanduku la zilizotumwa, na hiyo hapo, ya kwanza juu kabisa.

"Imetoka?" mke aliuliza.

"Imetoka, dada."

"Imetoka kweli, au imetoka kama ile ya Alhamisi?"

"Imetoka kweli," alisema Nukta. "Imetoka kweli, mama."

Lakini kutoka si kufika, na hilo wote walilijua. Walikaa. Shemeji akaweka simu ya Nukta katikati ya meza, na wakaitazama kama chungu kinachochelewa kuchemka. Hata yule mteja wa duka alipopiga tena, shemeji aliizima simu yake bila kuitazama. Uani kuku wa jirani alikuwa anapiga kelele za kutaga, na hakuna aliyemjali.

Simu ilipolia Nukta aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mzee? Imefika. Picha zimefunguka, vipimo vyote vipo. Nimeshamwingiza mama kwenye orodha. Mje Jumatatu, asubuhi hiyo asile kitu."

"Binti yangu," alisema Nukta, "niliandika jicho gani?"

Muuguzi akacheka. "Umeandika la kulia, mzee. Ndilo tutakaloanza nalo. La kushoto daktari ataamua akishaliona mwenyewe."

Nukta alishusha pumzi ndefu sana, pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu asubuhi, labda tangu siku ile cherehani ilipofunikwa. Akamshukuru kwa heshima zote. Alipokata simu alikuta mkewe anacheka huku machozi yanamtoka, na kipanya bado kimo mapajani.

"Jumatatu," alisema Nukta.

"Jumatatu," alirudia mke.

"Sasa naweza kusema?" aliuliza shemeji. "Nimebana tangu asubuhi, nitapasuka."

"Sema," alisema Nukta. "Leo sema yote."

"Nimeshaona waya usiochomekwa. Nimeshaona mtu anatafuta kitufe cha herufi kubwa siku nzima. Lakini mtu anayekamata barua yake mwenyewe kwa kola na kuirudisha ndani ili aitazame, huyo, shemeji, nimemwona leo. Harusi inayofuata nipeni kipaza sauti."

"Na utaje na aliyeona herufi zimesimama," alisema mke. "Wewe fundi ulikuwa uani unamdanganya mteja."

"Dada! Unatetea upande gani?"

"Wangu," alisema, akasimama. "Natetea macho yangu. Huyu aliyazuia, na huyu huyu ameyapata. Nimemsamehe na sijamsamehe, tutajua Jumatatu."

Akamrudishia mumewe kipanya, akakiweka mkononi mwake hasa, akavifunga vidole vyake juu yake. Kisha akaenda chumbani, akigusa fremu ya mlango, ukuta, kabati. Wakasikia kitanda kikipokea mwili wake. Alikuwa na siku nyingi hajalala mchana, na hata usiku, Nukta alijua, alikuwa akilala macho wazi, akijaribu kama bado anauona mwanga wa dirisha.

Wanaume wawili wakahamia jikoni ili wasimsumbue. Shemeji akabandika birika. Wakaanza kupanga safari kwa kunong'ona.

"Nitampeleka mimi," alinong'ona Nukta. "Ni mke wangu."

"Ni dada yangu. Na wewe ukifika pale utaanza kusoma vibao vya ukutani, umwache amesimama."

"Na wewe utafunga duka, wateja wakuroge?"

"Waniroge."

"Basi la asubuhi au la usiku?"

"La asubuhi. Usiku anachoka."

"La asubuhi linajaa."

"Tutawahi."

"Tutawahi nani? Nimesema nitampeleka mimi."

Kutoka chumbani ikaja sauti, nzito ya usingizi, lakini kila neno limefika.

"Nawasikia. Mtanipeleka wote wawili. Na sasa nyamazeni, nataka kulala."

Wakanyamaza. Birika lilipoanza kulia, Nukta aliruka akalitoa motoni kabla halijapandisha sauti, akalishika kwa kitambaa, akabaki amesimama nalo katikati ya jiko, akiwa na tabasamu la mtu asiyejua aliweke wapi.